Jina Ndani ya Upinde

Katika nyumba ya Hilaire pale Kingi kulikuwa na kitu kimoja ambacho mkewe Verdiane hakuwahi kukigusa tangu aolewe. Kilikuwa upinde wa kuwindia, ulioning'inizwa ukutani juu ya kitanda, upande anaolala mwanamume. Verdiane alifagia chini yake, aliondoa utando wa buibui pembeni yake, na alipopaka ukuta udongo mweupe aliuzunguka kwa uangalifu, hata nyuma yake ukabaki ukuta wa zamani wenye umbo la upinde. Hilaire alikuwa mtu wa Itebero, huko msituni Walikale, na kwao mke hagusi upinde wa mumewe. Akiugusa, wanyama wanamkimbia mwindaji. Ni kweli kwamba pale Kingi hapakuwa na mnyama wa kuwinda isipokuwa fuko na ngedere wawili watatu wezi wa mahindi, lakini Hilaire hakuona sababu ya kubishana na wazee wake kwa ajili ya ngedere.

Tuseme ukweli mapema, maana utatusaidia mbele. Hilaire alikuwa anaishi kwenye ardhi ya baba mkwe wake, mzee Sebarenzi. Shamba la viazi lilikuwa la Sebarenzi, mteremko wa maharagwe ulikuwa wa Sebarenzi, hata mti wa parachichi uliotia kivuli mlangoni ulipandwa na Sebarenzi. Mwanamume wa namna hiyo hutafuta kitu kimoja ambacho ni chake, akakishikilia kwa meno. Kwa jembe Hilaire alikuwa mtu wa kawaida, tena jembe lenyewe hakulipenda. Kwa upinde hakuwa na mwenzake mlima mzima.

Na bahati yake ni kwamba sikukuu ya parokia ilikuwa na mashindano ya upinde. Walikuwa wanasimamisha shina la mgomba kando ya uwanja wa kanisa, wanaume wanapiga, kondoo mmoja anamwendea mshindi. Bunduki watu wa milima ile walishazisikia vya kutosha bila kualikwa, wala hakuna aliyetaka mlio wake siku ya sherehe. Upinde haupigi kelele. Kila mwaka kondoo alikwenda nyumbani kwa Hilaire, na kila mwaka Sebarenzi alikula nyama ile akisema imekaa vizuri, na hilo ndilo lilikuwa neno zuri pekee ambalo Hilaire alipata kwa mkwe wake.

Mwaka huu Faustin, katekista, alitangaza jambo jipya. Wanawake nao watapiga. Kila shirika, yaani kila kundi la majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, lichague mama mmoja. Katika shirika lao uchaguzi ulikwisha kabla viazi vya chai havijapoa.

"Mama Laetitia njo ataenda," walisema wanawake, wakimtazama Verdiane. "Bwana yake iko fundi. Bibi ya fundi hawezi kutuangusha."

Verdiane alirudi nyumbani akitembea haraka, kama mtu aliyebeba maziwa na anaogopa yasimwagike. Alimkuta mumewe anachonga mpini.

"Papa Laetitia, nitapiga upinde."

"Nani amesema?"

"Mama wote. Sasa ile yako siwezi kushika, ninajua. Utanitafutia yangu?"

Hilaire alimtazama mkewe, na tusimwonee: siku ile alikuwa mume mwema. Alifurahi toka moyoni. Alimwambia kwamba hatamwokotea mti wowote tu, kama mume wa Murekatete wa shirika la jirani, aliyempindia mkewe mwanzi unaofanana na kitu cha kuanikia nguo. Yeye angekwenda mpaka Itebero, kwa mjomba wake Édouard, fundi wa pinde.

"Kwetu upinde haiuzwe kama sufuria," alimweleza. "Unajaribu, unachagua. Halafu fundi anafunga kekele ya mwisho, ile uzi ya kuvuta, na wakati anafunga anataja jina ya mwenyewe. Jina inaingia ndani. Upinde ikishatajwa, muntu mwingine akichukua, inakuwa mti tu."

"Jina gani anataja? Mama Laetitia?"

"Hapana. Ile ulizaliwa nayo."

"Verdiane?"

"Verdiane."

Verdiane aliligeuza jina lake mdomoni. Tangu binti yao azaliwe, watu wote walimwita Mama Laetitia. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Sebarenzi, na mara chache alizofika Itebero alikuwa bibi ya Hilaire. Jina la Verdiane lilikuwa limebaki kwenye kitabu cha ubatizo, na padri aliyeliandika alishakufa. Sasa lingeingia ndani ya mti, huko msituni, mbele ya watu.

Hilaire alichana utepe wa ganda kavu la mgomba, akamnyoshesha mkewe mkono wa kushoto, akapima kutoka kidevuni hadi ncha ya vidole, akafunga fundo mahali vidole vilipoishia. Verdiane alicheka kwa sababu ganda lilikuwa linamtekenya shingoni. Hilaire akautia ule utepe mfuko wa shati.

Mkono mtupu haulambwi. Alipita Mushaki akachukua mabonge ya jibini, maana watu wa msituni wanaipenda jibini ya huku Masisi kuliko wenye ng'ombe wanavyoipenda, akapanda pikipiki mpaka pale barabara inapokataa pikipiki, kisha akatembea. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kizuizi kimoja jibini moja ilibaki na vijana wenye silaha ambao hawakuuliza bei. Hilaire alishukuru kwamba walitaka jibini tu. Alifika Itebero viatu vikiwa vimejaa matope na moyo ukiwa safi.

Baraza la mjomba wake lilikuwa vile vile, paa la majani, moto katikati, wanaume wakikwepa mvua ya mchana. Juu ya moto, penye moshi, pinde zilikuwa zimening'inia zikikauka taratibu. Noko Édouard, maana ndivyo wanavyomwita mjomba huko, alipokea jibini, akainusa, akaiweka mbali na wageni.

"Noko, nimekuja kutafuta upinde."

"Jaribu," alisema mzee.

Hilaire alishusha upinde mmoja baada ya mwingine. Hii ndiyo kazi aliyoijua, na angeifanya macho yamefumbwa. Mwingine ulikuwa mzito kwenye ncha, mwingine ulivutika vizuri halafu ukagoma ghafla mwishoni, jambo linalomtetemesha mtu asiyezoea. Kisha akashika mmoja mdogo, mwekundu kidogo, mwembamba mahali pa kushikia. Aliuvuta. Ulikuja wote, bila kushtuka, ukakaa pale ukisubiri uachiwe. Hilaire aliuona mkono wa mkewe ndani yake, mkono wa mtu anayejifunza, ambaye hatakiwi kupigana na upinde wake kabla hajajifunza kulenga. Aliuvuta mara ya pili, kwa raha tu. Mkono wake mwingine ulikwenda mfukoni kutafuta ule utepe wa ganda.

"Hilaire," aliita mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, kutoka upande wa pili wa moto. "Hiyo iko ya mutoto. Ulizaa mutoto mwanaume wapi, sisi hatumujue?"

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha mvua.

"Ao ni ya bibi," alisema mwingine. "Kwani huyu anakaa kwa mukwe. Labda kule bibi njo anawinda, yeye anabaki anapika sombe."

Hapo baraza zima liliangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa ndugu zake, waliomfundisha kutembea msituni bila kuvunja kijiti, na wangemcheka hivyo hivyo kwa jambo lolote. Lakini kilimpata pale pale penye kidonda. Masikio yalimwaka moto. Aliyaona mambo yote kwa mara moja, shamba la Sebarenzi, mteremko wa Sebarenzi, parachichi la Sebarenzi, na yeye katikati akiwa na upinde wa mwanamke mkononi.

Noko Édouard hakucheka. Alikuwa ameshaandaa kekele, ameilowanisha, anaishika kwa vidole viwili.

"Ni ya nani?" aliuliza. "Taja jina, nifunge."

Neno lilikuwa moja tu. Alikuwa ametembea njia yote ile kwa ajili ya kulisema.

"Yangu," alisema Hilaire.

Na ukishasema yako, huwezi kuondoka na upinde wa mtoto. Aliurudisha ule mwekundu juu ya moshi, akashusha mwingine, mweusi, mpana, upinde wa nguruwe mwitu. Aliuvuta mpaka sikioni kwa nguvu ili waone. Waliona, wakanyamaza kwa heshima, na heshima ile ilimpoza kwa muda wa pumzi moja.

"Wewe uko na upinde," alisema mjomba.

"Ile imechoka."

Mzee alimtazama zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akafunga kekele kwenye upinde mweusi, akakaza fundo, akatamka juu yake, "Hilaire." Wanaume wakaitikia. Kazi ikaisha.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile ya kurudi Kingi ilikuwa ndefu na Hilaire aliitumia yote kujitetea. Verdiane alikuwa mwanamke wa jembe, anapanda mlima na gunia la viazi mgongoni, angeshindwaje na mti? Upinde wenye nguvu unapeleka mshale mbali. Mtu huanza na kigumu ili baadaye kila kitu kiwe rahisi. Alipoufikia mteremko wa maharagwe alikuwa karibu ameamini. Utepe wa ganda la mgomba ulikuwa bado mfukoni, na kila alipoinama ulimchoma kifuani.

Verdiane alinawa mikono kabla ya kuupokea. Aliupokea kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga, akapitisha kidole kwenye kekele hadi kwenye fundo.

"Hapa njo alifunga?"

"Hapo."

"Alisema nini? Alisema Verdiane, ao alisema bibi ya Hilaire?"

Hapa palikuwa pa kukiri. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Verdiane," alisema Hilaire.

"Alitaja vizuri?"

"Vizuri. Batu wote walisikia."

Siku hiyo Verdiane alimpikia kuku.

Kila alasiri, akitoka shambani, Verdiane alikwenda nyuma ya maharagwe na upinde wake. Alisimama jinsi mumewe alivyomwonyesha, mguu mbele, bega chini. Upinde ulikuja nusu, ukasimama. Alijikaza, mikono ikaanza kutetemeka, mshale ukaondoka wenyewe kabla hajataka na kuchimba udongo hatua chache mbele. Kekele ilimchapa kwenye mkono wa ndani mpaka ngozi ikawa na rangi ya bilinganya. Alijifunga kitambaa, akaendelea.

"Mikono yangu iko na nini?" aliuliza. "Ninabeba gunia. Mbona hii mti inanishinda?"

"Nguvu itakuja," alisema Hilaire.

Alijua haitakuja, si kwa majuma machache, na si kwa upinde ule. Angeweza kuupunguza mti kwa kisu, kuukwangua tumboni uwe mwepesi. Lakini kwao upinde uliotajwa haukwanguliwi, kwa maana anayeukwangua anamkwangua mwenye jina. Na jina lililokuwamo lilikuwa lake. Ndiyo, aliogopa. Alikuwa amedanganya kuhusu upinde, na bado aliuogopa upinde.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya kilima, alimfuata mkewe na maji ya kunywa, akafika karibu bila yeye kusikia. Verdiane alikuwa ameulaza upinde shavuni. Kabla ya kuvuta alisema jambo kwa sauti ndogo, halafu akavuta, akashindwa, akalisema tena. Hilaire alisogea ili asikie. Mkewe alikuwa anauambia upinde, "Verdiane. Verdiane," kama mtu anayejitambulisha mlangoni kwa wenyeji wasiofungua.

Hilaire alirudi nyumbani na maji yake. Chakula cha jioni hakukigusa, na Verdiane aliyerudi na mkono umevimba ndiye aliyemwuliza kama anaumwa.

Siku ya sikukuu uwanja wa kanisa ulijaa. Misa iliisha, kwaya ikatoa ngoma nje, shina la mgomba likasimamishwa. Hilaire, kwa kuwa ni fundi, aliwekwa kuwa mwamuzi, na Sebarenzi akaletewa kiti karibu na mstari ili amwone binti yake vizuri. Murekatete alianza na mwanzi wake wa kuanikia nguo. Mshale wa kwanza ulipita pembeni, wa pili ukagusa shina, wa tatu ukasimama katikati, na mashirika yote yakapiga vigelegele bila kujali ya nani ni ya nani.

Kisha akaitwa Verdiane. Watu walipouona upinde mweusi walinong'ona kwa kustaajabu. Upinde wa Itebero. Alisimama vizuri kuliko wote, mguu mbele, bega chini, kila kitu alichofundishwa. Midomo yake ilicheza kidogo, na Hilaire peke yake alijua inasema nini.

Mshale wa kwanza ulianguka karibu na miguu yake. Wa pili aliuvuta kwa hasira, kekele ikamchapa juu ya kidonda, mkono ukayumba na mshale ukaenda kuchoma ngoma ya kwaya. Watu walicheka mpaka wakashikana. Wa tatu aliuinua, akavuta, akavuta tena, uso ukatota jasho, upinde ukakataa. Akaushusha, akaurudisha mshale kwa mikono miwili bila kuupiga.

"Mama Laetitia," alisema Sebarenzi kutoka kitini, na alikuwa anacheka pia, "mimi nilizala mutu wa viazi."

Faustin, ambaye ni mtu mwema na hapendi mtu ageuzwe kichekesho, alinyosha mkono watu wanyamaze. "Tumuulize fundi. Papa Laetitia, kasoro iko wapi?"

Hilaire alikuwa na umati mzima mbele yake, kimya, ukingoja. Mkewe naye alimtazama, kwa tumaini, kama mgonjwa anayemtazama daktari.

"Mazoezi," alisema Hilaire. "Mazoezi ilikuwa kidogo."

Verdiane aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, akawageukia watu, na akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kwaya, "Upinde iko muzuri. Musicheke upinde. Bwana yangu alitembea mpaka Itebero ju yangu, na jina yangu iko ndani. Mikono yangu njo mibaya."

Wapo watu ambao wangepokea kofi kwa furaha badala ya maneno yale, na Hilaire alikuwa mmoja wao. Alitangaza mshindi. Alimkabidhi Murekatete kondoo. Hata yeye mwenyewe hakujua jinsi alivyofanya hayo, maana macho yake hayakuona kitu.

Walirudi nyumbani wakifuatana, Hilaire nyuma. Verdiane aliweka maji ya chumvi kwenye beseni, akakaa mlangoni chini ya parachichi la baba yake, akautia mkono ndani. Hilaire alisimama mbele yake. Alitoa ule utepe wa ganda mfukoni, umekauka na kukunjamana, fundo bado likiwa mahali pake, akauweka kwenye kidevu cha mkewe na kuunyosha juu ya mkono uliovimba mpaka vidoleni. Ulifika pale pale.

"Hii nilirudi nayo," alisema. "Sikuitoa mu mufuko."

Verdiane hakuelewa.

"Noko aliuliza ni ya nani. Nilisema ni yangu. Kulikuwa upinde mudogo, yako, nilishika, nilijua ni hiyo. Batu walinicheka. Nikachagua hii. Alitaja Hilaire. Jina yako haiko ndani, Mama Laetitia. Haijakuwa hata siku moja."

Maji ya beseni yalitulia. Kuku walipita kati yao wakitafuta chakula. Hilaire alitamani mkewe alie, apige kelele, amtupie maji yale usoni. Verdiane aliutazama mkono wake, akaugeuza huku na huku, kama mkono wa mtu mwingine ambaye amekuwa akimsingizia.

"Kwa hiyo sikushindwa mimi," alisema.

"Hapana. Si wewe."

"Na leo ulisema mazoezi."

"Nilisema."

"Mbele ya papa yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu Itebero, Hilaire hakutafuta la kujitetea. Aliuchukua upinde mweusi uliokuwa umeegemezwa ukutani, ili walau asiuone, na Verdiane akamwambia auache hapo. Usiku huo na siku zilizofuata Verdiane alilala chumba cha Laetitia, aliyekuwa shule ya bweni.

Shirika lilipokutana tena lilikutana uani kwa Sebarenzi. Baada ya sala Hilaire aliomba neno. Alisimama na kofia mkononi akasimulia yote, baraza, kicheko, upinde mdogo, jina. Hakupunguza kitu, ingawa ulimi ulikuwa mzito na mara mbili alianza sentensi akashindwa kuimaliza. Alipofika pale aliposema "mazoezi" mbele yao, mama mmoja alitoa sauti ya kusonya, ndefu, na hakuna aliyemzuia. Sebarenzi alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Labda alikumbuka kicheko chake. Faustin alikohoa, akasema basi, tusali tena kidogo, na wakasali tena kidogo.

Walipotoka, Verdiane alimfikia mumewe njiani.

"Ile upinde mudogo," alisema. "Bado iko?"

"Sijue."

"Twende."

Walipita Mushaki kuchukua jibini, wakapanda pikipiki, wakatembea. Verdiane alitembea mbele. Kwenye matope mabaya Hilaire alimnyoshea mkono, na mara nyingine aliushika, mara nyingine alipita peke yake. Upinde mweusi aliubeba Hilaire begani, na kila aliyekutana nao aliusifu.

Mvua ilikuwa inanyesha tena Itebero, na baraza lilikuwa na watu wale wale. Mzee mwenye kofia ya sufu alisogea kumpisha Hilaire penye moto, kisha akaona nani anaingia nyuma yake, akabaki na mkono hewani. Mwanamke huingia baraza lile kuleta chakula, na mgeni huyu hakuwa na sahani.

Noko Édouard alimtazama mpwa wake, akautazama mkono wa Verdiane ambao ulikuwa bado una madoa ya njano. Alinyosha mkono nyuma ya pinde zote, mahali ambapo moshi ni mwingi, akashusha ule mdogo mwekundu.

"Niliificha," alisema. "Muwindaji mukubwa havute upinde ya mutoto mara mbili bure. Lakini mimi ninafunga jina ile muntu anasema."

Alimpa Verdiane, naye akauvuta. Ulikuja wote, ukakaa. Alikaa hivyo kwa muda, amevuta, mkono hautetemeki, na uso wake ukawa na mshangao wa mtu aliyesukuma mlango kwa bega zima kumbe haukufungwa. Aliurudisha taratibu. Mzee mwenye kofia alichukua kigoda chake, akatoka, akakaa chini ya mchirizi wa paa na mvua ikimlowanisha magoti, ili ijulikane kwamba hakuwepo.

Noko alilowanisha kekele, akaishika kwa vidole viwili.

"Ni ya nani?"

Hilaire alivuta pumzi. Alikuwa amelifanyia neno lile mazoezi njia nzima, na safari hii lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akafungua mdomo. Verdiane akamgusa kiwiko.

"Wacha, Papa Laetitia," alisema, bila ukali. "Wewe ulishaulizwa."

Akamgeukia fundi.

"Verdiane," alisema.

Mzee akakaza fundo, akalitamka jina lile juu yake, polepole kwa kuwa lilikuwa geni kinywani mwake. Wanaume walisita, kisha mmoja akaitikia, na wengine wakamfuata. Hilaire alikuwa bado amesimama mlangoni na jibini mikononi, na hakuna aliyemwambia akae.